MPIRA ULITOKA MTINI
Sanamu za udongo na utomvu wa msituni vyafichua asili ya mchezo wa kale wa Mexico

Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa neno "mpira" limo katika ngeli gani, atajibu bila kusita: mpira, mipira, mtindo ule ule wa mti, miti, mwembe, miembe, mfenesi, mifenesi. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini kitu cha mviringo kinachopigwa teke kiliingizwa katika ngeli moja na miti. Wajuzi wa lugha watatukumbusha kwamba mkono na mguu navyo vimo humo wala si miti, na hayo ni kweli. Hata hivyo mpira una haki yake hapo. Kabla haujawa gozi la kugombewa na Gor Mahia na AFC Leopards, mpira ulikuwa mmea. Ni mmea wa kutambaa katika misitu ya pwani yetu, ambao ukikatwa kwa panga hutokwa na utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukikauka huvutika na kurudi.

Wataalamu wauita mmea huo Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Unguja katika karne ya 19. Wakati huo utomvu wake ulikuwa bidhaa kubwa, ukisafirishwa ng'ambo ukiwa umeviringwa vibonge vibonge. Watu wa Kwale, Tanga na Pemba wanaokunywa sharubati ya mabungo wanakunywa tunda la ndugu yake wa karibu. Waganda nao husema "omupiira" wakikusudia utomvu, na husema "omupiira" vile vile wakienda uwanjani. Jina la mmea likawa jina la kitu, na jina la kitu likawa jina la mchezo wenyewe. Tunapomwambia mtu "twende mpirani", kusema kweli tunamwambia twende kwenye utomvu.

Sasa jambo la ajabu ni kwamba upande wa pili wa dunia, watu ambao hawakupata kuonana na babu zetu walifanya vivyo hivyo. Waazteki wa Mexico waliuita utomvu wa mti wao "olli", na mchezo wao wa mpira wakauita "ullamaliztli", yaani jina lililotokana na olli hiyo hiyo. Watu wa nchi ya joto iliyotoa utomvu huo, kando ya Ghuba ya Mexico, wakawaita Olmeca, watu wa nchi ya mpira. Wataalamu wa siku zetu wamelichukua jina hilo na kuwapa watu wa kale zaidi walioishi sehemu hizo, ambao wenyewe walijiita kwa jina tusilolijua.

Na huko Mexico ndiko ilikopatikana mipira ya utomvu iliyo mizee kuliko yote inayojulikana duniani. Ni umri wa miaka 3,600 hivi. Jinsi asili ya mchezo wake ilivyofuatiliwa ni kisa kinachostahili kusimuliwa, kwa sababu haikufuatiliwa na watu wa michezo. Ilifuatiliwa na wachunguzi wa sanaa za kale kwa upande mmoja, na wachunguzi wa mimea na kemia kwa upande mwingine, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

MATOPENI EL MANATÍ

Katika jimbo la Veracruz kuna kilima kiitwacho Manatí, na chini ya kilima hicho kuna chemchemi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji waliokuwa wakichimba mabwawa ya kufugia samaki walikumbana na vitu wasivyovitarajia ndani ya tope. Habari ziliwafikia wataalamu wa mambo ya kale, Bw. Ponciano Ortiz na Bi. Carmen Rodríguez, nao wakaanza kazi ya kufukua. Walitoa sanamu za watu zilizochongwa kwa mbao, mashoka ya mawe ya kijani yaliyosuguliwa yakang'aa, mifupa ya watoto wachanga na, pamoja na hayo, mipira zaidi ya kumi. Mingine ilikuwa midogo ya kuenea kiganjani, mingine yakaribia ukubwa wa mpira wa kandanda.

Mtu aliyepata kuliona tairi kuukuu likipasukapasuka juani ataelewa kwa nini wataalamu walipigwa na butwaa. Mpira ni kitu kisichodumu. Hewa huula, jua huula. Lakini tope la El Manatí lilikuwa zito na halikupitisha hewa, likaihifadhi mipira hiyo kama vile mama anavyohifadhi samli chunguni. Mikubwa kwa midogo, yote ilikuwa mipira mizima, imeshiba utomvu hadi ndani, wala haikujazwa upepo kama yetu.

Basi mipira ilikuwapo. Lakini mpira uliozikwa kwa heshima chemchemini haumwelezi mtu ulichezwaje. Ulipigwa kwa mkono? Kwa mguu? Kwa fimbo? Watu wa zama hizo hawakuacha maandishi tunayoweza kuyasoma. Hapo ndipo sanaa ilipoitwa kutoa ushahidi.

WACHEZAJI WA UDONGO

Watu wa kale wa Mexico na nchi jirani walikuwa mafundi wa kufinyanga. Katika makaburi ya El Opeño, jimbo la Michoacán, zimepatikana sanamu ndogo za udongo zipatazo miaka 3,500, zikionyesha wachezaji waliojifunga kinga za miguu, na pembeni watazamaji, wanawake miongoni mwao. Kutoka Nayarit, upande wa magharibi, umepatikana uwanja mzima wa udongo unaoweza kuwekwa juu ya meza: wachezaji wako katikati, na juu ya kuta mashabiki wamejazana, wengine wamekumbatiana mabegani. Ukiutazama huwezi kujizuia kutabasamu. Mfinyanzi wa miaka 2,000 iliyopita alijua kwamba mchezo bila watazamaji ni nusu ya mchezo, akaweka watazamaji wengi kuliko wachezaji.

Huko Veracruz, mafundi wa baadaye walichonga kwa mawe vitu vyenye umbo la kwato ya farasi ambavyo kwa muda mrefu viliwatatiza wenye kuvihifadhi. Wengine walidhani ni nira. Ni michongo ya sanaa iliyolinganishwa na wachezaji wa udongo ndiyo iliyofumbua fumbo: mchezaji amejifunga kitu kama hicho kiunoni. Jiwe lenyewe ni zito mno kuchezea, na yaelekea lilikuwa la sherehe au la kaburi. Lile la kuchezea lilikuwa la mbao au ngozi. Kinga ya kiuno maana yake ni kwamba kiuno ndicho kilichopokea kishindo. Mpira huu ulipigwa kwa nyonga.

Kama kuna mtu aliyebaki na shaka, iliondolewa na Mjerumani mmoja mchoraji, Christoph Weiditz. Mwaka 1528 Hernán Cortés aliwapeleka Uhispania wachezaji wa Kiazteki wakamwonyeshe Mfalme Karolo wa Tano umahiri wao. Weiditz aliwaona akawachora: wanaume wawili, nusu uchi, wamejifunga ngozi kiunoni, mmoja amempa mwenzake mgongo na mpira uko hewani. Picha hiyo imehifadhiwa Nuremberg hata leo. Kwa watu wa Ulaya wa wakati huo, waliozoea mipira ya ngozi iliyoshindiliwa nywele au sufi, kitu kilichowashangaza zaidi kilikuwa ule mpira wenyewe. Ulidunda! Ulianguka chini ukaruka juu kana kwamba una roho.

Kila aliyekulia mtaani au kijijini Kenya anajua uzito wa neno hilo. Vizazi kwa vizazi watoto wetu wamecheza mipira ya matambara na makaratasi ya nailoni iliyofungwa kwa kamba, na sifa yake moja kubwa ni kwamba haidundi. (Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, hata malighafi yenyewe imekuwa adimu.) Siku anapotokea tajiri wa mtaa na mpira unaodunda, mchezo hubadilika. Huwezi tena kuusubiri ulipoangukia. Lazima ukisie utakapokwenda. Huwezi kuucheza kwa nyonga mpira wa matambara hata ungekuwa fundi namna gani. Kwa hiyo swali la asili ya mchezo huu ni swali moja tu: nani aliufanya mpira udunde?

DAWA YA UTOMVU

Mti wa Waolmeki na Waazteki ni Castilla elastica. Ni wa ukoo mmoja na mfenesi na mkuyu, na yeyote aliyewahi kumenya fenesi bila kupaka mafuta mikononi anaujua utomvu wa ukoo huo. Unanata, unavutika, unawafaa wavulana kutegea ndege kama ulimbo. Lakini ukiuacha ukauke wenyewe, unabaki kitu kinachonata wakati wa joto na kuvunjika wakati wa baridi. Ukiuviringa mpira, baada ya muda utabonyea kama maandazi yaliyokaliwa. Mpira wa namna hiyo usingeweza kupigwa mchana kutwa kwa nyonga za wanaume.

Lakini mipira ya El Manatí ilibaki mipira. Palikuwa na dawa.

Maandishi ya Wahispania ya karne ya 16 yalikwisha dokeza kwamba wenyeji walichanganya utomvu na maji ya mmea fulani wa kutambaa. Dokezo hilo lilikaa vitabuni kwa miaka mingi hadi Bi. Dorothy Hosler, mtaalamu wa mambo ya kale katika chuo cha teknolojia cha MIT huko Marekani, pamoja na Bi. Sandra Burkett na Bw. Michael Tarkanian, walipoamua kulifanyia majaribio. Walikwenda jimbo la Chiapas, kusini mwa Mexico, na huko wakulima wakawaonyesha jinsi ya kugema utomvu na jinsi ya kuupata ule mmea wa dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 1999 katika jarida la Science.

Mmea wenyewe ni Ipomoea alba. Msomaji asitishwe na jina. Ni binamu wa kiazi kitamu, na ukiiona mitambazi yake utadhani ni matembele yaliyopotea njia. Maua yake ni meupe, makubwa, nayo hufunguka usiku. Siku hizi umeenea katika nchi nyingi za joto, Afrika Mashariki ikiwa mojawapo, na wengine huupanda kwa ajili ya uzuri wake tu. Mashina yake hupondwa, yakakamuliwa, na maji yake kumiminwa ndani ya utomvu na kukorogwa. Kabla ya nusu saa kupita, maziwa yale yameganda kuwa bonge jeupe ambalo, likingali na joto la mikono, huviringwa kuwa mpira. Unadunda.

Kwa nini? Hapa tuwaachie wanakemia waseme, nasi tutafsiri kwa lugha ya pwani. Utomvu ni mkusanyiko wa nyuzi ndefu ajabu, ndogo zisizoonekana, zilizolala ovyo kama katani iliyotupwa sakafuni. Ukizivuta zinateleza, kila moja na njia yake, na hazirudi. Maji ya Ipomoea yana chembe zenye salfa zinazozifunga nyuzi hizo hapa na pale, na pia huondoa baadhi ya vitu vinavyoufanya utomvu uwe laini na wa kunata. Katani sasa imekuwa wavu wa mvuvi: uvute upendavyo, mafundo yataurudisha.

Ndilo jambo ambalo Mmarekani Charles Goodyear alilifanya kwa salfa na moto mwaka 1839, akapata hataza yake mwaka 1844, na jina lake, lililochukuliwa na kampuni iliyoanzishwa baada ya kifo chake, limeandikwa kwenye matairi duniani kote. Mtu wa kwanza aliyeponda mmea wa ua la usiku na kuumimina katika utomvu, miaka zaidi ya 3,000 kabla yake, hana hata kibao cha barabara. Hatujui alikuwa mwanamume au mwanamke. Mimi ningeweka dau langu kwa mganga au mpishi, mtu mwenye mazoea ya kuchanganya majani na kungoja aone kitatokea nini.

Na mchanganyiko haukuwa wa kubahatisha. Mwaka 2011 Bw. Tarkanian na Bi. Hosler walitangaza majaribio mengine, safari hii wakibadilisha vipimo. Utomvu na maji ya mmea yakiwa nusu kwa nusu, walipata mpira unaodunda kuliko yote. Utomvu ukiwa mafungu matatu na maji ya mmea fungu moja, walipata kitu kisichodunda sana lakini kisicholika upesi, kinachofaa soli za viatu. Na Wahispania waliandika kwamba wenyeji walivaa viatu vya soli za mpira. Utomvu mtupu, bila dawa, ulifaa kuwa gundi. Mti mmoja, mmea mmoja, na fundi ambaye kwa kubadilisha kipimo alipata mpira, kiatu au gundi. Huyo alikuwa mwanasayansi, ingawa hakuwa na koti jeupe.

Mti wa Castilla, kwa taarifa ya msomaji, uko karibu kuliko anavyodhani. Katika bustani ya utafiti ya Amani, milima ya Usambara, Tanzania, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ulipandwa pamoja na mamia ya miti ya kigeni. Ulipapenda. Umetoroka bustanini na kuingia msituni, na watunzaji wa msitu wanauhesabu miongoni mwa wavamizi.

MAWE HUTIA CHUMVI

Tumesema sanaa na sayansi zilisahihishana. Sanaa ilisema nyonga. Sayansi ikaeleza ni mpira wa namna gani unaowezekana kwa nyonga. Lakini sayansi nayo ilimkamata mchongaji akitia chumvi.

Katika michongo ya Wamaya, mathalan ile ya ngazi za Yaxchilán, mpira huonekana mkubwa kupita kiasi, hata mtu mzima amekunjwa na kufungwa ndani yake. Sasa tupige hesabu. Mpira mzima wa utomvu wenye upana wa sentimita 20 una uzito wa kilo 4 hivi. Ule wa sentimita 30 wakaribia kilo 13. Wa sentimita 60 unapita kilo 100, na anayetaka kuupokea kwa nyonga aandike wasia kwanza. Mpira wetu wa kandanda, kwa kulinganisha, hauzidi gramu 450. Ni dhahiri kwamba mchongaji wa Yaxchilán hakuwa akipima mpira. Alikuwa akimsifu mfalme wake na kuwadhalilisha mateka, na alifanya kama wasifu wote wanavyofanya.

Vivyo hivyo yafaa tuangalie habari za vichwa kukatwa, ambazo waongoza watalii hupenda kuzisimulia. Huko Chichén Itzá, penye uwanja mkubwa kuliko yote, mita 168 kwa 70, ukutani amechongwa mchezaji asiye na kichwa. Shingoni mwake damu inatoka kwa umbo la nyoka, na kati ya nyoka hao unachipuka mmea wenye maua. Kwamba watu walitolewa kafara katika sherehe za mpira, ushahidi upo na haukanushiki. Lakini kusema kila mchezo uliishia kwa kisu ni kama kutazama picha za msalaba kanisani na kudhani kila Jumapili mtu husulubiwa. Wahispania waliowaona Waazteki wakicheza waliandika zaidi juu ya kamari: watu waliweka rehani nguo, vito, hata uhuru wao. Orodha ya kodi iliyomo katika kitabu cha picha kiitwacho Codex Mendoza yaonyesha jimbo la Tochtepec likitakiwa kupeleka mji mkuu mipira 16,000 kwa mwaka, au mabonge 16,000 ya utomvu, kwa maana lugha yao ilikuwa na utata ule ule wa lugha yetu. Mabonge mengine yalichomwa kama ubani mbele ya miungu, lakini kodi ya namna hiyo haikuwa kwa sherehe moja mbili za wafalme. Watu walicheza.

Lakini ule mmea unaochipuka shingoni tusiupite haraka. Mchongaji aliweka ua mahali ambapo tungetazamia kifo tu. Wachunguzi wa sanaa wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba mchezo huu kwa Wamaya ulihusu kufa na kuota tena, kama mbegu. Wengine waliona hizo ni ndoto za wasomi.

Mwaka 2024 zilitoka habari zilizowapa nguvu wenye kusema hivyo. Huko Yaxnohcah, jimbo la Campeche, chini ya jukwaa la uwanja wa mpira wa miaka 2,000 iliyopita, wafukuaji waliona doa jeusi katika udongo. Halikuwa na umbo. Hakuna mchoraji angelifanyia kazi. Walichukua udongo huo wakaupima chembechembe za urithi, zile ambazo kila kiumbe huziacha nyuma hata kikioza kabisa. Yakatokea majina ya mimea minne: pilipili, mti ambao majani yake yalifaa kufungia sadaka, mti mwingine wa dawa, na xtabentún, mmea wa kutambaa ambao mbegu zake humfanya mtu aone yasiyoonekana. Huu wa mwisho ni Ipomoea pia. Ndugu mmoja hudundisha mpira, ndugu wa pili hudundisha akili!

Ilikuwa sadaka ya kuuzindika uwanja kabla haujachezewa. Mashabiki wa kandanda wa Afrika Mashariki, wanaokumbuka timu zilizoruka ua badala ya kupita langoni, hawatashangazwa sana na taarifa hiyo.

NANI ALIANZA?

Uwanja mzee kuliko yote unaojulikana uko Paso de la Amada, pwani ya Chiapas, nao una urefu wa mita 80 hivi na umri unaokaribiana na mipira ya El Manatí. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1998, na kwa muda ilionekana kesi imekwisha: mchezo ulizaliwa mabondeni, penye joto, penye mti wa utomvu. Yaingia akilini. Nani angebuni mchezo wa mpira mahali pasipo na mpira?

Halafu mwaka 2020 ikatangazwa habari ya uwanja mwingine, Etlatongo, juu katika milima ya Oaxaca, wenye zaidi ya miaka 3,300. Mlimani huko Castilla haimei. Pamoja na uwanja zilipatikana sanamu za udongo za wachezaji waliojifunga viunoni. Kwa hiyo mapema kabisa watu wa baridi walikuwa wakicheza mchezo wa watu wa joto, na utomvu, au mipira iliyokwisha viringwa, ilibebwa mgongoni ikipandishwa milima. Wengine sasa wasema mtindo wa viwanja uliokuja kuenea ulichangiwa na watu wa milimani kama na wa mabondeni. Mabishano yanaendelea, na viwanja vinavyojulikana vimepita 1,300, kwa hiyo wabishi hawatakosa cha kubishania.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeuliza uwanja upi ulitangulia anauliza swali dogo. Uwanja ni kuta mbili na uwazi kati yake. Mpira ulitaka ujuzi wa mimea miwili isiyofanana, mmoja mti mrefu na mwingine wa kutambaa, na kipimo sahihi cha kuichanganya. Ujuzi huo ulipopatikana, uwanja ungeweza kujengwa popote.

NYONGA ZA SINALOA

Wahispania waliupiga mchezo huo vita kwa kuuona ibada ya sanamu, na karibu kila mahali ukafa. Ulisalia kaskazini magharibi, katika vijiji vya Sinaloa, ambako huitwa ulama. Mwaka 1968 wachezaji wa huko waliletwa kuuonyesha wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Mexico. Mwaka 1978 mtaalamu wa Uholanzi, Ted Leyenaar, alitoa kitabu juu yao, na mwaka 1986 Roberto Rochín wa Mexico akatengeneza filamu. Bila kazi za namna hiyo pengine tungekuwa na mawe na sanamu za udongo peke yake.

Uwanja wa ulama si wa mawe. Ni ukanda mrefu mwembamba wa ardhi iliyoshindiliwa, na mstari katikati. Wachezaji hujifunga ngozi na kitambaa kiunoni, vile vile kama walivyochorwa na Weiditz, hata mtu aliyeiona picha yake atadhani wamejifunga kwa kuiiga. Mpira una kilo 3 hadi 4. Ukija chini, mchezaji hujitupa ardhini na kuuinua kwa nyonga akiwa karibu amelala. Ukija juu, huruka akaukutia hewani. Pointi hupanda na pia hushuka: timu iliyokaribia ushindi yaweza kurudishwa ilikoanzia, na wazee wa huko husimulia michezo iliyochukua siku zaidi ya moja. Siku hizi wanawake nao wanacheza, na vijana wa Jiji la Mexico, ambao babu zao hawakuwahi kuugusa mpira huo, wameanza kujifunza.

Taabu yao haiko katika nyonga. Iko katika mpira. Miti ya utomvu imeadimika sehemu hizo, mafundi wa kuuviringa ni wachache na wengi wao ni wazee, na mpira mmoja wa kweli umekuwa ghali kwa mkulima. Kwa hiyo hutunzwa kama kitu cha ukoo. Umejaribiwa utomvu wa viwandani, lakini mpira wa utomvu wa mti una mdundo wake, na mchezaji aliyelelewa nao huutambua nyongani mwake kabla hajaambiwa.

Vipimo vimekwisha chapishwa: nusu kwa nusu, koroga, viringa ungali na joto. Ua la usiku linaota lenyewe kwenye nyua za watu. Kinachotakiwa Sinaloa sasa ni miche ya Castilla, na miaka kadhaa ya kuingojea ikue hadi ifae kugemwa.